Conan Doyle na Kongo: mtunzi wa riwaya za kisayansi aliyetetea inchi ambayo hakuiona

Mwezi wa Oktoba 1909, miezi miwili tu mbele ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kufa, kitabu kimoja chembamba kilitoka London. Jina lake lilikuwa The Crime of the Congo, yaani uhalifu uliofanywa Kongo. Ndani yake mlikuwa na habari za vijiji vilivyochomwa, wanawake waliofungwa mateka, watu waliopigwa viboko mpaka kufa, na picha za wakaaji waliokatwa mikono juu ya mpira wa pori. Mwandishi hakuwa mmisionari wala balozi. Alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, mmoja wa waandishi waliojulikana sana duniani wakati ule.

Miaka 3 kisha hapo, mwaka wa 1912, mtu huyohuyo alitoa riwaya ya kisayansi yenye jina The Lost World. Inasimulia safari ya wazungu wanne wanaopanda uwanda wa juu sana katika pori la Amerika ya Kusini, na huko wanakuta wanyama wakubwa ambao dunia nzima ilifikiri wamekwisha tangu zamani. Filamu nyingi za dinosauri ambazo vijana wanaangalia leo kwenye vyumba vya video zina deni kwa riwaya hiyo. Lakini wachache wanajua kwamba mmoja wa mashujaa wake, Lord John Roxton, alitengenezwa kwa mfano wa mtu aliyepita kwenye mto Kongo akiandika maneno ya wakimbizi. Na kijana mwandishi wa gazeti anayesimulia habari yote, Edward Malone, inasemekana alitengenezwa kwa mfano wa Edmund Dene Morel, mtu aliyeongoza mapigano ya kalamu dhidi ya utawala wa Leopold.

Mtu aliyeandika vitabu hivyo viwili aliamini nini juu ya siasa? Jibu si rahisi, na wale wanaomsifu tu au kumlaumu tu hawajamsoma mpaka mwisho.

Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, katika Scotland, tarehe 22 Mei 1859, katika jamaa ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Alisomea udaktari. Mwaka wa 1881, akiwa kijana wa miaka 22, alipata kazi ya daktari katika meli iliyoitwa Mayumba, iliyotoka Liverpool kwenda pwani ya Afrika ya Magharibi. Hakuipenda safari ile. Homa ilimwangusha Lagos, karibu afe. Aliporudi aliandikia gazeti la wapiga picha makala ambayo ndani yake alionyesha dharau kubwa kwa watu weusi. Ni makala ya aibu, na hakuna sababu ya kuificha.

Hata hivyo, katika safari hiyohiyo alikutana Monrovia na mzee mmoja mweusi aliyemshangaza. Mzee huyo alikuwa Henry Highland Garnet, balozi wa Marekani katika Liberia. Garnet alizaliwa mtumwa katika Maryland mwaka wa 1815, akatoroka pamoja na jamaa yake angali mtoto, akawa mchungaji, na mwaka wa 1843 alitoa hotuba akiwaita watumwa wasimame na kukataa utumwa. Mwaka wa 1865 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhubiri ndani ya jumba la bunge la Marekani. Kijana Conan Doyle alikaa naye siku chache wakizungumza juu ya vitabu na historia. Garnet alikufa mwezi wa Februari 1882, muda mfupi kisha mazungumzo yale. Conan Doyle alikuja kuandika, uzeeni mwake, kwamba mzee yule ndiye mtu mwenye akili na elimu kuliko wote aliokutana nao kwenye pwani ile. Dharau na heshima zilikaa pamoja ndani ya kichwa kimoja, na zitaonekana tena mpaka mwisho wa habari hii.

Kwa siasa ya inchi yake, Conan Doyle alikuwa mtu wa ufalme wa Uingereza. Aliamini kwamba ufalme ule unaleta mema ulimwenguni. Vita ya Uingereza na Makaburu ilipoanza Afrika ya Kusini mwaka wa 1899, alitaka kwenda kupigana. Jeshi halikumchukua, basi akaenda kama daktari katika hospitali ya Bloemfontein mwaka wa 1900. Humo askari wengi walikufa kwa homa ya matumbo kuliko kwa risasi. Mwaka ule ule aligombea kiti cha bunge Edinburgh, upande wa wale waliokataa Ireland isijitawale, akashindwa. Akajaribu tena mwaka wa 1906, akashindwa tena.

Hapo kuna jambo ambalo msomaji wa Kongo hawezi kuliruka. Jeshi la Uingereza lilichoma mashamba ya Makaburu na kufunga wanawake na watoto wao katika makambi. Zaidi ya watu 26,000 walikufa humo, wengi wao watoto. Waafrika weusi walifungwa katika makambi ya kwao peke yao, na humo walikufa watu wasiopungua 14,000. Mwanamke mmoja Mwingereza, Emily Hobhouse, alikwenda kuona kwa macho yake, akarudi kupiga kelele London. Conan Doyle alifanya kinyume. Mwaka wa 1902 aliandika kijitabu cha kuitetea serikali yake: kwamba kuchoma mashamba kulikuwa na sababu za vita, na kwamba vifo vya makambini vilitokana na magonjwa, si ubaya wa serikali. Kijitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka huohuo mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir, na yeye mwenyewe alifikiri kwamba ni kwa ajili ya kijitabu kile.

Kwa hiyo, mtu aliyekuja kulia juu ya Kongo mwaka wa 1909 ni yule aliyefunga macho juu ya makambi mwaka wa 1902. Kosa la jirani lilimwonekea wazi. La nyumbani kwake alilitafutia sababu. Lakini kusema hivyo tu hakutoshi, kwa maana katikati ya miaka hiyo kuna kitu kilichobadilika ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1906 alipata habari za avoka mmoja kijana, George Edalji, ambaye baba yake alikuwa mchungaji mzaliwa wa India. Mwaka wa 1903 tribinali ilimhukumu Edalji kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kukata wanyama wa watu usiku mashambani. Conan Doyle alipomwona mara ya kwanza alimkuta ameshika gazeti karibu kabisa na uso. Daktari alijua mara moja: mtu mwenye macho mabovu namna hiyo hawezi kutembea usiku wa giza kupita mashamba na reli, akakate farasi, asionekane. Aliandika magazetini, akaenda mahali penyewe, akaonyesha kwamba polisi walimchukia kijana yule kwa sababu ya rangi na asili yake. Mwaka wa 1907 serikali ilimsamehe Edalji, ingawa haikumlipa hata senti moja. Mwaka huohuo Uingereza iliunda tribinali ya rufaa kwa kesi za makosa ya jinai, na kesi hii ilikuwa mojawapo ya sababu.

Hapo Conan Doyle alijifunza kazi mpya: kuchukua karatasi za kesi, kulinganisha maneno ya mashahidi, kutafuta mahali wakubwa walipodanganya, kisha kuyatoa yote mbele ya watu. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya juu ya Kongo.

Mambo yenyewe ya Kongo yanajulikana kwa wengi, lakini ni vizuri kuyakumbusha kwa kifupi. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mataifa makubwa yalikubali Leopold awe mwenye Kongo, kwa ahadi kwamba biashara itakuwa wazi kwa wote na wenyeji watalindwa. Tarehe 1 Julai 1885, muda mfupi tu kisha dola yake kutangazwa, amri ilitoka: ardhi yote isiyo na mtu ni mali ya serikali. Na ardhi "isiyo na mtu" ilikuwa ipi? Ni pori la kuwinda, shamba lililopumzishwa, msitu wa kuchuma dawa na matunda, karibu kila mahali ambapo hapakuwa na nyumba au shamba lenye mazao siku ile. Kwa amri hiyo na zile zilizoifuata, mpira na pembe za ndovu za msituni zikawa mali ya serikali, na mwenyeji aliyekwenda kuuza vyake mwenyewe akawa mwizi. Kisha makampuni kama ABIR yalipewa maeneo makubwa. Kila kijiji kilipangiwa vikapu vya mpira. Kijiji kikikosa, askari walishika wanawake mateka, au walipiga risasi, na kwa kila risasi walitakiwa kuonyesha mkono kama ushuhuda kwamba haikupotea bure.

Wale waliofukuzwa makwao leo katika mashariki ya Kongo wanaweza kuitambua mara moja hila ya neno lile. Ardhi ambayo mwenyewe amekimbia inaonekana tupu. Amri ya 1885 ilifutwa zamani, lakini wazo lake lilibaki: sheria ya Bakajika ya 1966, na kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ziliacha ardhi yote mikononi mwa serikali, na mpaka leo haki ya mwenyeji wa kijiji juu ya shamba la babu yake haisimami imara mbele ya mtu mwenye karatasi.

Conan Doyle aliliona jambo hilo, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu chake. Hakusema tu kwamba kuna askari wabaya au wakala wakatili. Alisema kwamba ukatili unatoka katika mpango wenyewe: ukichukua ardhi ya watu na kila kinachoota juu yake, hawatakuwa na sababu ya kukufanyia kazi, basi itabidi uwalazimishe, na kulazimisha hakuna mwisho. Alipata hoja hiyo kwa Morel. Huyu Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, akipelekwa mara kwa mara Antwerp. Kwa kuangalia hesabu za bandari aliona kwamba meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinarudi Kongo zikiwa na bunduki, risasi na askari, karibu bila bidhaa za kulipia. Biashara isiyo na malipo ina jina lake. Mwaka wa 1904 alianzisha pamoja na Roger Casement chama cha kutengeneza mambo ya Kongo.

Casement alikuwa konsula wa Uingereza. Mwaka wa 1903 alipanda mto, akakodi mashua ya wamisionari Waamerika ili asitegemee vyombo vya serikali ya Leopold. Bolobo, aliyoijua zamani ikiwa na watu kama 40,000, aliikuta na watu 7,000 au 8,000. Ndani ya eneo lile alikuta wakimbizi: jamaa nzima zilizotoka upande wa ziwa Leopold wa Pili, linaloitwa leo Mai-Ndombe, zikakaa kwa wenyeji wengine mbali na makao yao. Aliwauliza kwa nini walikimbia. Walimwambia juu ya mpira: namna walivyokwenda mbali zaidi na zaidi msituni kuutafuta, namna chui walivyoua baadhi yao na njaa ikaua wengine, namna walivyoomba wapunguziwe na kujibiwa kwa risasi. Aliyaandika maneno yao, na majina yao.

Ripoti ilipochapwa London mwanzoni mwa 1904, wizara ya mambo ya inje ya Uingereza ilikuwa imefuta majina yote. Mahali pa majina ya watu na vijiji paliwekwa herufi na alama. Casement alikasirika sana, kwa maana aliona kwamba shahidi asiye na jina ni rahisi kumkana. Wizara ilikuwa na sababu zake za kidiplomasia, na labda mtu anaweza kusema majina yangehatarisha wenyewe. Mambo yote mawili ni kweli, na kila mtu aliyepata kutoa habari za kijiji chake mbele ya mgeni mwenye daftari anaijua shida hiyo. Lakini matokeo yalikuwa haya: wasomaji wa Ulaya walijua jina la mzungu aliyeuliza, na hawakujua jina la Mkongo aliyejibu.

Leopold alilazimishwa kutuma tume ya uchunguzi mwaka wa 1904, yenye mahakimu watatu. Huko Baringa, mbele yao, chifu Lontulu wa Bolima alileta vijiti 110, akaviweka mezani. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa juu ya mpira, na aliweza kuwataja. Ripoti ya tume ilitoka 1905, ikakubali sehemu kubwa ya mashtaka, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapwa pamoja nayo. Yalifungiwa katika hifadhi za Brussels kwa miaka mingi sana. Kilichojulikana kwa watu wakati ule ni kile ambacho wamisionari kama John Harris na mke wake Alice, mpiga picha, walikuwa wameandika na kuhifadhi wao wenyewe.

Basi, Conan Doyle aliingia katika habari hii akiwa amechelewa, na hilo lazima lisemwe kwa haki ya waliotangulia. Ripoti ya Casement ilikuwa na miaka 5, kitabu cha Morel juu ya mpira mwekundu kilikuwa na miaka 3. Hata Leopold alikuwa ameiachia Ubelgiji Kongo, tarehe 15 Novemba 1908. Wengi walifikiri mambo yamekwisha. Conan Doyle alikataa: serikali ni mpya kwa jina, lakini wakala ni walewale, amri za ardhi ni zilezile, makampuni ni yaleyale. Aliandika kitabu kwa siku 8 hivi, karibu bila kulala, akipanga ushuhuda mwaka kwa mwaka, na kila mara akiweka ahadi ya serikali kando ya tendo lake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye hakukilalia. Lakini alijua kusoma karatasi. Kisha akazunguka miji ya Uingereza pamoja na Morel, akizungumza mbele ya maelfu ya watu Edinburgh, Plymouth, Liverpool.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, huko Léopoldville, kulikuwa na kesi ya mmisionari mweusi Mwamerika, William Sheppard, aliyeshtakiwa na Kampuni ya Kasai kwa sababu aliandika juu ya mateso ya Wakuba. Avoka wake alikuwa Emile Vandervelde, depite msosialisti Mbelgiji, aliyekuja mpaka Kongo kumtetea bila malipo. Sheppard alishinda. Ni vizuri kukumbuka jina lake kando ya lile la mtunzi mashuhuri, kwa sababu Sheppard alikaa Kasai miaka karibu 20, alijua lugha ya watu, na angeweza kufungwa.

Sasa, Conan Doyle alitaka Kongo ipate nini? Hapa mawazo yake yanaonyesha mipaka yao. Hakutaka wakaaji wajitawale. Neno hilo halimo kabisa. Alitaka wapate ardhi yao na haki ya kuuza mazao yao, chini ya mzungu mwema. Na kama Ubelgiji itashindwa kutengeneza mambo, alipendekeza inchi igawanywe kati ya mataifa makubwa mengine ya Ulaya. Watu waliokwisha kugawanywa mara moja Berlin bila kuulizwa wangegawanywa mara ya pili, tena kwa wema. Hakuona kwamba kuna mtu wa kuuliza.

Hiyo ndiyo sababu riwaya ya 1912 inasomeka vizuri zaidi mtu akijua habari hizi. Lord John Roxton, shujaa wake, ni mwindaji aliyepigana peke yake dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa katika mipaka ya Peru. Casement alikuwa ametoka kuchunguza mateso ya Wahindi wa Putumayo, katika pori la Amazon, mwaka wa 1910, tena juu ya mpira, na alikuwa rafiki wa mtunzi. Kwa hiyo hasira ya Kongo imo ndani ya riwaya. Lakini imo pia kasoro yake. Kuna mtumishi mweusi, Zambo, mwaminifu na mwenye nguvu, ambaye akili yake inalinganishwa na ya farasi. Na juu ya uwanda ule wazungu wanakuta vita kati ya Wahindi na viumbe nusu watu nusu nyani. Wanaingia upande wa Wahindi na bunduki zao, na nyani wale wa kiume wanamalizwa. Mwandishi anasimulia mauaji yale kama maendeleo ya dunia. Hakuna tume ya uchunguzi inayokuja kuhesabu mikono.

Mwaka wa 1913 alitoa riwaya nyingine, The Poison Belt, ambamo dunia inapita katika hewa yenye sumu. Humo watu wa mataifa "ya chini" wanaanguka kwanza, wale wa kaskazini ya Ulaya wanaanguka mwisho. Hakuna anayeweza kusema kwamba hiyo ilikuwa sayansi tu. Ilikuwa ngazi ya mataifa jinsi wasomi wengi wa Ulaya walivyoipanga wakati ule, imevikwa nguo ya hadithi. Mtunzi mwenzake H. G. Wells alikuwa ameonyesha mapema, katika riwaya ya 1898 juu ya wageni kutoka Mars, kwamba hadithi za namna hii zinaweza kuwageuzia wazungu kioo: aliwakumbusha wasomaji namna Waingereza walivyowamaliza wenyeji wa Tasmania. Conan Doyle hakufika huko.

Alikuwa na uwezo mwingine, wa kuona vita inayokuja. Mwezi wa Julai 1914 gazeti la Strand lilitoa hadithi yake ya inchi ndogo ya kubuni inayoishinda Uingereza kwa meli 8 tu za chini ya maji, zikizamisha meli za chakula mpaka njaa inashika London. Wakubwa wa jeshi la bahari waliona ni ndoto. Miezi michache tu ilipita, na Ujerumani ikaanza kufanya karibu jambo hilohilo.

Vita ile iliwatenganisha watu watatu wa Kongo. Conan Doyle aliiunga mkono kwa nguvu zake zote, akaandika kwa ajili ya serikali. Morel aliipinga, akafungwa miezi 6 mwaka wa 1917. Urafiki wao ulikwisha. Na Morel mwenyewe, mtetezi mkubwa wa Wakongo, mwaka wa 1920 aliandika maneno ya chuki juu ya askari weusi wa Ufaransa waliokaa Ujerumani, akiwachora kama hatari kwa wanawake wazungu. Kumtetea mtu akiwa mbali chini ya mjeledi ni jambo moja. Kumkubali akitembea katika mtaa wako ni jambo lingine.

Casement ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Yale aliyoyaona Kongo yalimfanya aangalie Ireland, inchi yake, kwa macho mengine. Alimvuta hata Conan Doyle, ambaye mwaka wa 1911 aliacha msimamo wake wa zamani na kutangaza kwamba Ireland ijitawale ndani ya ufalme. Casement hakusimama hapo. Wakati wa vita alikwenda Ujerumani kutafuta silaha kwa ajili ya Waairish, akashikwa mwezi wa Aprili 1916 kwenye pwani ya Ireland, akahukumiwa kifo kwa usaliti.

Conan Doyle, mpenda ufalme, mchukia Ujerumani, alitoa paundi 700 kusaidia utetezi wake. Aliandika ombi kwa waziri mkuu Asquith, akakusanya saini za waandishi wakubwa. Alisema kwamba akili ya Casement ilivunjika kwa taabu na magonjwa ya inchi za joto, na kwamba kumnyonga kutamfanya shahidi wa dini ya taifa lake. Hoja ya kwanza Casement asingeipenda, kwa maana alijua alichofanya. Maofisa wa serikali walimpelekea habari za daftari za siri za Casement, zenye mambo ya maisha yake na wanaume wengine, ili amwache. Hakumwacha. Joseph Conrad, mtunzi mwingine mashuhuri aliyeandika juu ya Kongo, na ambaye alikutana na Casement Matadi mwaka wa 1890, alikataa kutia saini. Casement alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916.

Kwa upande wa Kongo, chama cha Morel kilijifunga mwaka wa 1913, Uingereza ilipokubali utawala wa Ubelgiji. Biashara ya wazi ilirudishwa hatua kwa hatua kuanzia 1910, na mateka juu ya mpira walipungua. Lakini kodi ya feza ilichukua nafasi ya vikapu, na mwaka wa 1911 kampuni ya Lever, Mwingereza mtengeneza sabuni, ilipata haki juu ya hektari 750,000 za michikichi, na wakaaji wakalazimishwa tena kukata mikungu. Conan Doyle hakuandika kitabu cha pili juu ya hayo. Mwana wake Kingsley alikufa mwaka wa 1918, ndugu yake mwaka uliofuata, na miaka iliyobaki aliitoa kwa mambo ya kuzungumza na wafu, mpaka alipokufa tarehe 7 Julai 1930.

Majina yaliyofutwa katika ripoti ya 1904 yalikaa kwenye makaratasi ya wizara, London. Mwaka wa 2003 watafiti wawili wa Ireland walichapa ripoti ya Casement upya pamoja na daftari lake la safari, na majina ya watu na ya vijiji yakarudishwa mahali pake.